Aliyetangazwa kwa Nyuki

Sebald Zeidler alilipenda jina lake kuliko chakula, na chakula alikipenda kweli. Mgeni akifika kwake Ottenreuth, hata awe fundi aliyeitwa kuziba bomba, haachiwi kugusa bomba kabla hajasikia Zeidler maana yake nini. Maana yake ni mrina asali wa msituni. Babu zake, alisema, walikuwa wakiparamia misonobari ya msitu wa Nuremberg na kuchonga mizinga kwenye shina lililo hai, juu kabisa ambako dubu hafiki. Kaisari aliwapa ruhusa ya kubeba pinde, akawapa na mahakama yao wenyewe pale Feucht, nao wakamlipa kwa asali. Na ile mikate ya asali na viungo ambayo watu wa Nuremberg hujivunia kila Krismasi, bila akina Zeidler, kwa maelezo ya Sebald, ingekuwa unga na maji tu. Wakati huo bomba linavuja.

Sebuleni alikuwa na ukuta mzima wa watu wa jina lake, aliowakata magazetini na kuwatia kwenye fremu. Alikuwepo meya wa Milwaukee kule Marekani, alikuwepo msanifu majengo wa Toronto, alikuwepo profesa wa hisabati wa Leipzig. Hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa jamaa yake, na hilo halikumkosesha usingizi. Aliwaita "watu wetu". Mmoja tu ndiye aliyegeuzwa uso ukatazama ukutani, naye ni yule mkemia kutoka Austria aliyekuwa wa kwanza kutengeneza DDT. Haki yake apewe, mkemia huyo hakujua kuwa unga wake unaua wadudu. Hilo liligunduliwa na mwingine miaka mingi baadaye. Lakini nenda ukamwambie Sebald. Mtu anaitwa mrina asali halafu anatengeneza sumu ya nyuki, kwake hiyo haikuwa na utetezi.

"Si umtoe kabisa, mzee?" jirani yao Afra Distler alimtania siku moja. "Unamweka wa nini mtu unayempa kisogo?"

"Wa kwako akikosa humfukuzi," Sebald alijibu. "Unamgeuza ukutani kwanza, akishajuta unamgeuza tena."

Hayo aliyasema kabla ya harusi ya mwanawe. Baada ya harusi hakuyasema tena.

Mtoto alikuwa mmoja tu, Ruprecht. Alijifunza uokaji, akaenda kufanya kazi Bamberg kwenye duka la mikate la familia ya Hornung, na huko akapendana na binti wa mwenye duka. Kaka wa binti huyo alikuwa amekufa kwa pikipiki. Jina la Hornung lilikuwa juu ya mlango wa duka tangu enzi za babu wa babu yao, na sasa lilibaki mikononi mwa msichana. Kwetu siku hizi maharusi huchagua wenyewe jina moja la familia, la mume au la mke. Ruprecht alichagua la mke. Kosa lake, na ni kosa kubwa, ni kwamba hakumwambia baba yake. Alidhani akiliacha mpaka siku yenyewe, mbele ya watu na maua, mzee ataona haya kugomba.

Sebald akalisikia ukumbini kama wageni wengine, pale bibi wa serikali aliyewafungisha ndoa alipofunga daftari na kusema kwamba kuanzia leo hawa ni Bwana na Bibi Hornung. Watu wakapiga makofi. Sebald aliokota kofia yake, akatoka, akapanda basi la kurudi nyumbani. Kunigunde mkewe na bwana harusi walimfuata kwa gari, Ruprecht akiwa bado na ua kwenye kola ya koti.

Huku kwetu nyuki huambiwa. Mtu wa nyumbani akifa, mwenye nyuki huchukua ufunguo wa mlango mkubwa, akapita mzinga baada ya mzinga, akagonga na kuwajulisha nani ameondoka. Akifa mwenyewe, mrithi ndiye hugonga, akawaomba wabaki. Wasipoambiwa, wanahama au wanakufa. Vijana wa chama cha wafuga nyuki huwacheka wazee kwa hilo, kisha siku baba zao wanapokufa utawaona vichochoroni, wakitazama huku na huku, ufunguo mkononi.

Basi walimkuta Sebald bustanini, bado na tai shingoni. Alikuwa anagonga mizinga, na sauti yake haikutetemeka.

"Ruprecht amekufa," aliwaambia nyuki. "Mwanangu Ruprecht amekufa."

Ruprecht alisimama kwenye lango la bustani akasikiliza mpaka mzinga wa mwisho.  Alimbusu mama yake shavuni, akarudi kwenye harusi yake, na tangu siku ile hakukanyaga tena Ottenreuth. Na Kunigunde, aliyesimama katikati yao akishika mkoba wake kwa mikono miwili, hakusema kitu. Alingoja hasira ya mumewe ipoe. Aliingoja miaka kumi na minne.

Hakuna jambo ambalo hakulijaribu. Alipozaliwa mjukuu alimwambia Sebald, twende tukamwone. Sebald akasema ana kazi na fremu za nta. Ruprecht alipofanyiwa upasuaji wa mgongo, alimwambia, basi mwalike apumzike huku. Sebald alitoka nje akakaa bustanini mpaka giza, na jibu lilikuwa hapana. Kila alipomtaja kijana, mzee alikuwa anakunja uso na kutafuta mlango. Kunigunde aliamini ni kiburi, kiburi cha jina. Hata alianza kulichukia lile jina lenyewe, jina alilolipata kwa ndoa pamoja na kabati la vyombo na mashuka ya mama mkwe. Kuna siku alisimama peke yake sebuleni akawatazama wale meya na maprofesa ukutani, akatamani kuwageuza wote.

Mwaka huu, majani yalipoanza kuanguka, moyo wa Sebald ulichoka. Hospitali walimrudisha nyumbani kwa sababu hawakuwa na la kuongeza. Daktari alimwambia Kunigunde mlangoni, kwa sauti ya chini, kwamba asipange mambo ya Krismasi. Walimhamishia mzee chumba cha chini, karibu na dirisha, aweze kuiona mizinga yake. Kunigunde alikaa jikoni akalia, kisha akaosha uso, akapiga simu Bamberg. Alikuwa na shida moja tu iliyobaki duniani: mwanawe aingie nyumba hii baba yake akiwa bado anapumua.

"Baba yako anakwisha," alimwambia.

 Kwenye simu zilisikika trei zikigongana.

"Amesema nije?"

"Mimi ndiye nasema uje."

"Mama, mimi ni marehemu. Umesahau? Ulikuwepo kwenye matangazo."

"Acha hayo, mwanangu."

"Sikuyaanzisha mimi. Yeye ndiye aliyenizika."

"Basi njoo kwa ajili yangu. Mimi sikukuzika. Mimi sikufanya kitu chochote, na hilo ndilo linaloniua."

Ruprecht akavuta pumzi ndefu. "Jumapili," akasema. "Saa ya kahawa. Lakini akinitukana ninaondoka, tusije tukalaumiana."

Jumapili Kunigunde alioka keki ya jibini, ingawa alijua mwokaji atakayeila ataichambua moyoni. Alitandika meza kitambaa kizuri. Hakumwambia Sebald kuwa kijana anakuja. Alijua akimwambia ataanza mabishano, na mzee hakuwa tena na pumzi ya mabishano. Aliona afadhali amshtukize, kijana akishakuwa mbele ya kitanda chake moyo utajua la kufanya. Alisahau kwamba kushtukiza ndiko kulikowafikisha hapo walipo.

Dirisha lilikuwa wazi kidogo. Gari liliposimama, Sebald akainua kichwa.

"Nani huyo?"

"Ni mwanao," alisema Kunigunde, na machozi yakamjia kabla hajapanga. "Ruprecht amekuja kukuona, Baba."

Uso wa mzee ulikwajuka. Akajikokota mpaka akakaa, jambo ambalo hakulifanya wiki nzima.

"Asiingie! Kuni, asivuke kizingiti! Mrudishe, nakwambia mrudishe!"

Sauti ilikuwa ile ile ya zamani, ya kuitia watu bustanini. Kunigunde alikimbilia mlangoni. Ruprecht alikuwa amefika kwenye ngazi, nywele zimeingia mvi masikioni, mkononi ana kifurushi cha mikate. Mguu mmoja alikuwa ameshauinua. Aliurudisha chini polepole.

"Umesikia mwenyewe, mama."

"Ni dawa hizo. Anaweweseka, hajui anachosema."

"Dawa gani? Sauti hiyo naijua." Aliweka kifurushi juu ya ngazi kwa uangalifu. "Nimekuja. Usije ukasema sikuja."

Kunigunde alimshika mkono, akamng'ang'ania, naye Ruprecht akamtoa vidole kimoja kimoja bila kumuumiza. Gari likageuka na kwenda.

Kunigunde alirudi chumbani na kwa mara ya kwanza katika ndoa yake hakuchagua maneno. "Wewe ni mtu gani?" alimuuliza. "Unakufa, Sebald. Unakufa na bado unalinda jina! Watu wote hao uliowatundika, kuna hata mmoja aliyekuletea maji? Mwanangu nimemzaa kwa uchungu, wewe umemuua kwa mdomo mara mbili. Mungu akusamehe, maana mimi sijui kama nitaweza."

Sebald alikuwa analia. Alilia bila sauti, mdomo wazi, mkono ukipapasa blanketi.

"Ameondoka? Hakuvuka?"

"Hakuvuka. Furahi."

"Afadhali," alisema. "Afadhali. Kuni, kaa hapa. Kaa nikwambie."

Akamwambia. Bibi yake, aliyemfundisha nyuki, alikuwa amemkanya tangu utotoni: nyuki hawadanganywi. Ukiwaambia fulani amekufa, wao hukichukua kifo hicho wakakishika. Kama mtu huyo yu hai, siku atakayovuka kizingiti cha nyumba iliyomtangaza, watampa kilicho chake. Sebald alikuwa amelijua hilo siku zote. Siku ya harusi hasira ilimpofusha, na usiku ule ule alipozinduka alitaka kwenda kutengua, lakini kiburi kikamwambia ngoja kwanza aje aombe radhi. Majira ya baridi yakapita. Ilipofika machipuko alifungua mizinga akakuta nyuki wote wamekufa, wamelaliana juu ya asali yao ambayo hawakuigusa. Chama kilisema ni utitiri. Yeye alijua ni nini. Nyuki walioambiwa wamekufa na neno lao, na wale wapya aliowanunua hawakumjua Ruprecht. Sasa atatengua kwa nani? Ndipo hofu ilipomwingia.

"Nikasema, basi akae mbali," Sebald alinong'ona. "Akikaa mbali ni mzima. Anioneshe chuki, anitukane, lakini yuko Bamberg anaoka mikate, mzima. Jina lichukuliwe na upepo. Unadhani nilikuwa nalilia jina?"

Kunigunde akakaa kitandani. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wazee walisema, na hapa alikuwepo mtu aliyejikwaa ulimi mara moja akachechemea maisha yake yote, na yeye, mkewe, amelala ubavuni mwake asijue.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenicheka. Halafu ungemwita."

Ilikuwa kweli. Angemcheka, halafu angemwita.

"Nijaribu sasa," alisema Sebald. "Niwaambie hata hawa wapya. Nipeleke bustanini. Kinywa kilichosema ndicho kitengue, wewe huwezi kunisemea. Nikishatengua, mpigie arudi, aingie, nimwone."

Kunigunde akamvisha koti juu ya nguo za kulalia. Akaupitisha mkono wa mzee shingoni mwake na wakaenda, hatua na kupumzika, mpaka jikoni, na hapo magoti ya mzee yakakataa. Alimkalisha kwenye kiti karibu na mlango wa nyuma. Midomo ilikuwa imegeuka rangi.

"Basi nitakuletea mzinga hapa hapa," alisema Kunigunde.

"Mzito."

"Na wewe ulikuwa mwepesi? Mmoja utatosha?"

"Mmoja utatosha," alisema Sebald, na akatabasamu kidogo. "Watapashana."

Kunigunde alipiga simu Bamberg. Iliita mpaka ikachoka. Alikimbia kwa Afra na slipa miguuni. Afra Distler hakuuliza maswali, na hiyo ndiyo mara pekee maishani mwake. Wanawake wawili, mmoja ana nyonga ya bandia, mwingine ana miaka sabini na mitatu, wakasukuma toroli mpaka mwisho wa bustani kwenye majani yenye unyevu. Walinyanyua mzinga kwa kuhesabiana, wakautua kwenye toroli, na nyuki ndani wakavuma kwa kuudhika. Toroli lilizama kwenye tope karibu na mti wa tufaha. Walilisukuma, wakalivuta, Afra akalilaani kwa majina ya watakatifu. Hatimaye walilifikisha mlango wa jikoni, mzinga ukiwa mzima.

"Haya, mzee, wageni wako hawa," alisema Afra akihema. "Ongea nao, kabla hawajaongea na mimi."

Sebald alikuwa ameegemeza kichwa ukutani, ufunguo wa mlango mkubwa mkononi. Alikuwa ameutoa mwenyewe kwenye msumari wakati wao wako bustanini. Kunigunde aliita jina lake, akaligusa shavu lake, akaita tena. Afra alivua kitambaa cha kichwa akakishika kifuani.

Ruprecht alikuja kesho yake asubuhi, simu ya mama yake ilipompata, bado amevaa viatu vya kazini, unga kwenye nyusi. Alisimama uani karibu na lile toroli, ambalo hapakuwa na mtu aliyekuwa na nguvu ya kulirudisha. Kunigunde alimfungulia mlango wa jikoni, akanyoosha mikono.

"Hapana, mama. Nitabeba jeneza, nitalipa chochote. Ndani siingii. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa nisivuke, na mwenye kulitengua hayupo."

Ndipo akamweleza, yeye amesimama ndani na mwanawe nje. Alieleza vibaya, akiruka mambo na kuyarudia: bibi yake Sebald, kifo kinachoshikwa, ile baridi nyuki walipokufa, na huu mzinga umefikaje hapa. Mwanzoni Ruprecht alicheka, kicheko kikavu cha pua. Kisha akaacha.

"Miaka yote hii," alisema, "kwa sababu ya nyuki?"

"Kwa sababu yako."

"Nilidhani ananichukia. Binti yangu akiniuliza babu yuko wapi, nilimwambia babu hatupendi sisi. Nimemwambia hivyo mtoto, mama."

"Na mimi nilidhani hivyo hivyo. Nimelala naye kitanda kimoja nikidhani hivyo hivyo."

Ruprecht aliushika ukuta.  "Angenipigia simu tu. Ningecheka. Ningekuja nicheke, nivuke, aone sijafa."

"Ndicho alichokiogopa."

 Ndani ya toroli nyuki walivuma chini chini, kama wanavyovuma siku za baridi wanapojikusanya kumpasha malkia joto. Kunigunde alirudi jikoni, akaja na ufunguo. Jana ilibidi Afra amsaidie kuufungua mkono wa marehemu.

"Lazima waambiwe," alisema. "Mimi wa kuja tu, mrithi ni wewe. Siwezi, na hata ningeweza, sauti sina."

Alidhani atakataa. Kijana aliutazama ufunguo muda mrefu, akaupokea. Alipiga magoti kwenye tope na suruali yake nyeupe ya uokaji, akagonga ubao wa mzinga. Hakujua aanzie wapi. Hakujiita Zeidler wala Hornung.

"Ni mimi Ruprecht," aliwaambia. "Mimi sijafa."

Alipangusa pua kwa mkono wa shati.

"Sijafa mimi. Aliyekufa ni baba."

Mila inataka awaombe wabaki, lakini hilo halikumtoka. Alirudia tu yale yale, aliyekufa ni baba, aliyekufa ni baba, paji la uso likiwa juu ya mzinga, mpaka mama yake akatoka nje akamwinua. Akamshika kiwiko, akamwelekeza mlangoni. Ruprecht akavuka kizingiti, na ndani hapakuwa na mtu wa kumkataza.